Mashine ya Mjomba Haikuwa Chuma Chakavu

Kihonda,
Morogoro.
14 Septemba 1997

Mpendwa Mjomba Kasimiri,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na joto la Tabora mnalivumilia vipi? Mimi mzima. Mama naye mzima, yuko Mgeta kwenye karoti zake, anapanda mlima kuliko mimi.

Barua yako ya Juni niliisoma nikalia. Uliandika kwamba hutakuja tena nyumbani, kwa sababu shirika lenu lilipofungwa ulituletea kompyuta mbili za ofisi, moja nzima na moja mfu, na ndugu wakakucheka mbele ya ukoo. Sasa Mjomba, kaa vizuri kitini usome hii.

Ni kweli mashine ilikuwa inanitoa roho. Uzito wake wa kufanya kazi nilikuwa naupima kwa kusali Salamu Maria. Kufungua ripoti moja, Salamu Maria kumi na moja, kuihifadhi, nane. Mteja mmoja aliyeniletea kazi ya kuchapa alikwenda sokoni, akarudi na mchicha wake, akanikuta bado nangoja. Nilishaanza kuulizia taipureta.

Aliyeniokoa ni Shamsia, mpangaji mwenzangu, ambaye zamani alikuwa karani wa kompyuta kwenye kiwanda cha sukari. Alikaa dakika tano tu, akaliona kopo langu la disketi. Unanijua nilivyo: kila mteja ana disketi yake yenye jina, kama kadi ya kliniki, na kazi yake naifanyia humo humo isichanganyike na ya mwenzake.

"Filo, disketi ni ya kubebea," akaniambia. "Kazi ihamishie kwenye diski ya ndani, ndiyo yenye mbio. Ukimaliza ndiyo uirudishe."

Hapo tu zikapungua Salamu Maria nne. Kisha akaniuliza mashine ina memori kiasi gani. Nilikuwa sijui. Akanieleza kwamba memori ni meza ya kazi, na diski ni stoo; meza ikiwa ndogo, mashine inashinda njiani kwenda na kurudi stoo, hata ikiwa na akili namna gani. Yangu ilikuwa na megabaiti nne. Ile mfu, ambayo mama aliifanya kigoda cha mtungi wa maji hapa kwangu, ilikuwa na nane, nzima kabisa. Tuliushusha mtungi, tukafungua bati, Shamsia akachomoa vipande viwili vyembamba akavipachika kwenye yangu. Niliwasha huku nimeshika rozari. Kufungua ripoti: Salamu Maria moja. Nilipiga kigelegele, na Shamsia, Mwislamu wa Tanga, akanipokea.

Habari zikamfikia Bwana Stambuli, mhadhiri wa Mzumbe, aliyekuwa akipeleka kazi zake zote kwa Hatibu. Huyo Hatibu, mchapaji mwenzangu, ana kompyuta mpya kutoka Dubai, na mimi alikuwa akiniita mama wa makumbusho. Bwana Stambuli akatugawia ripoti moja, kurasa tisini kila mmoja. Atakayetangulia bila makosa achukue kazi za mwaka mzima.

Nilimaliza Alhamisi saa sita mchana. Nikapita kwa Hatibu kumjulia hali. Tangu mlangoni niliisikia diski yake ikikwaruza, na taa yake haizimiki. Mashine ina akili kali, lakini meza yake ndogo. Nikamshauri aongeze memori. Akanijibu kwamba kitu kipya hakina upungufu. Basi, nikamwacha na upya wake. Alimaliza Jumamosi, na kazi za mwaka nikazipata mimi.

Nimefurahi mpaka naona haya kidogo. Siyo sana.

Jumapili iliyopita kwenye kikao cha ukoo mama alisimama akasema, "Mashine ya kaka yangu ndiyo inayoiendesha nyumba hii." Wale wale waliocheka wameniuliza kama Tabora zimebaki nyingine.

Msalimie sana Mama Evance, na Evance mwambie asome. Shamsia anakusalimu ingawa hakujui. Mungu akuponye mguu, maana njia ya Mgeta haijapungua mwinuko.

Barua hii nimeichapa kwa mashine yako. Sasa hivi nimebonyeza kuihifadhi, nikaanza Salamu Maria kwa mazoea. Sikufika hata "umejaa neema". Iliyobaki nimeimalizia kwa kukuombea wewe, uje Krismasi.

Mpwa wako akupendaye na anayejivunia mjomba wake,

Filomena