Matuta ya Mlango wa Abiria

Lincoln, Nebraska
3 Aprili 1994

Kwako Baba mdogo Visvaldis,

Pokea salamu zangu na za Mama. U mzima? Kifua kilichokusumbua wakati wa theluji kimetulia? Sisi tu wazima, ila goti la Mama limekuwa kaidi kuliko mwenyewe.

Najua wewe na marehemu Baba hamkuandikiana miaka mingi, na sikuulizi sababu. Nakuandikia kwa ajili ya gari lake, ile Hudson ya 1936. Tangu tumzike, limekaa bandani chini ya turubai. Sasa Mama ametangaza: Julai, Walatvia wa huku tutakapokwenda makaburini kupanda maua na kuchana mchanga wa juu ya makaburi kwa reki uwe na mistari, yeye atakwenda kwa gari hilo au hatakwenda kabisa. "Nibebwe kama gunia la viazi kuingizwa kwenye gari lako? Asante, nabaki nyumbani." Hudson ina vikanyagio virefu vya kupandia chini ya milango. Anaweza kupanda mwenyewe.

Tatizo ni vikanyagio hivyo. Mpira wa juu ulikauka ukapasuka, kutu ikaingia, na tepe za kromu za ukingoni zimebonyea. Kila ninayemuuliza ananiambia kazi hiyo ina mtu wake Ohio, na jina wanalolitaja ni lako. Nimevifungua, vinakuja kwa lori. Kukupunguzia kazi, nimekwangua mpira wote wa zamani kwa msasa wa umeme mpaka chuma kikang'aa. Naomba mpira mpya uwe kama wa kiwandani.

Mwanao,
Ilze

*

Akron, Ohio
20 Aprili 1994

Mwanangu Ilze,

Nimefurahi kuliona jina lako nyuma ya bahasha. Kifua kimetulia, nashukuru. Msalimie shemeji Austra, mpe pole ya goti. Goti hilo nalijua.

Vikanyagio vimefika. Chuma ni kizima, kutu ni ya juu juu. Lakini nani alikutuma ukwangue? Ni sawa na kumpelekea mshonaji gauni aliige, ukiwa umelichoma moto njiani. Mpira wa zamani ndio kipimo changu: unene wake, mahali tuta linapoanzia, linavyolala kwenye kona. Umening'arishia kila kitu nilichotaka kukiona.

Si kitu. Kalibu ya kiwandani ninayo: matuta membamba, marefu, yanayokwenda sambamba toka mbele hadi nyuma. Chuma nitakipaka gundi, nilaze mpira mbichi, nibane kalibu juu yake, kisha vyote viingie katika tanuri ya mvuke vipikwe mpaka mpira na chuma vishikane kama ngozi na mwili. Tepe za kromu nitazinyoosha kwa upande wa nyuma, kwa nyundo ndogo. Ukizigonga kwa hasira zinatanuka, na hazirudi tena mahali pake.

Nina swali moja. Ukishindwa kulijibu, liache. Mpira ulioukwangua, pale penye mlango wa abiria, ulikuwaje? Ule nilioupika mimi mwaka 1970 ulikuwa na kitu hapo. Nilitaka kujua tu kama kaka aliubadilisha.

Baba yako mdogo,
Visvaldis

*

Lincoln
12 Mei 1994

Kwako Baba mdogo,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na leo salamu zake ni ndefu.

Sikuweza kukujibu upesi kwa sababu sikukumbuka. Mtu akishika msasa anaona vumbi tu. Jumapili, Mama akikanda unga wa maandazi ya nyama, nikamuuliza kama Baba aliwahi kubadilisha mpira wa Hudson.

"Abadilishe kwa nini?"

"Baba mdogo anauliza."

Akaacha unga. "Visvaldis anauliza? Leo hii? Hao wawili vichwa vyao vilichongwa kwenye gogo moja!"

Ndipo akanieleza: siku aliyoteleza kwenye kikanyagio wakati wa mvua, goti likageuka, na majira ya baridi yaliyofuata, wewe ulivyopika mpira mpya na kuweka matuta matano manene ya kukata, yaliyokingama badala ya kwenda kwa urefu, mbele ya mlango wake, kiatu chake kipate pa kushika. Baba akalipeleka gari kwenye mashindano ya magari ya zamani, waamuzi wakasema hayo si ya kiwandani, wakakata alama, kikombe kikaenda kwa mwingine. Baba akakuita fundi viatu mbele ya watu. Ukachukua kofia yako, ukahamia Ohio.

"Ila kilichofuata Visvaldis hakukijua," akasema Mama. "Baba yako alilirudisha gari lile lile kila mwaka. Kila mwaka mwamuzi anainama: Arnolds, hii si ya kiwandani. Naye: Ni ya mguu wa mke wangu. Kata alama zako, nenda."

"Mbona hakumwandikia Baba mdogo?"

"Baba yako? Angeomba radhi kwa mbwa, kwa gari, kwa mti. Kwa mtu, subiri mpaka uchoke."

Nilikwenda bandani, nikapekua pipa la takataka. Nilichopata nimekitia humu: kipande cha ukubwa wa kiganja, tuta moja zima na nusu ya la pili. Nisamehe msasa wangu. Ya kiwandani siyataki tena. Tafadhali rudisha kama ulivyofanya.

Mwanao,
Ilze

*

Lincoln
14 Juni 1994

Baba mdogo,

Hali yako? Mwezi umepita sijapata neno. Kama unaumwa, niambie. Kama nimekuudhi, niambie pia. Mama amekwisha kuipiga pasi nguo ya makaburini.

Ilze

*

Akron
22 Juni 1994

Mwanangu Ilze,

Amani kwenu. Siumwi wala sijaudhika. Kipande chako kilikaa mezani kwangu, karibu na kikombe cha chai, na kila nilipokishika nipime nilijikuta nimekishika tu.

Kisha kazi nayo ikanigomea. Mpira wa kwanza ulitoka tanurini na kiputo, tena pale pale mlangoni. Nikaubandua wote, nikaanza upya. Wa pili umekubali. Utashangaa nimepata wapi kalibu ya yale matuta matano. Sikuwahi kuitupa: miaka yote ilikuwa juu ya pipa langu la kabichi chachu, ikikandamiza kifuniko.

Vikanyagio siviamini kwa lori. Nakuja navyo kwa treni, nimevifunga blanketi. Mwambie shemeji naleta na mkate mweusi, maana wa huko kwenu aliwahi kuniambia ni sifongo.

Baba yako mdogo,
Visvaldis

*

Akron
1 Agosti 1994

Mwanangu Ilze,

Nimefika salama, kifua kizima, tumbo bado limejaa maandazi ya mama yako. Asante kwa kitanda na kwa kila kitu.

Kuna jambo hukuliona siku ile makaburini, kwa sababu ulikuwa umekwenda kurudisha ndoo na reki. Mzee Gunārs, mwamuzi wa zamani, alikuja kuangalia Hudson. Akainama, akavaa miwani. "Austra, hii si ya kiwandani."

"Ni ya mguu wangu," akasema mama yako. "Sogea nipande."

Akapanda. Nilinyoosha mkono, akaupiga kibao. Kiatu kilishika tuta la tatu, goti likakunjuka, na kabla Gunārs hajavua miwani alikwishaketi ndani, mkoba mapajani, akiuliza dereva yuko wapi.

Unauliza katika barua yako nani aliuharibu mchanga wa kaburi la Baba baada ya wewe kuuchana vizuri. Ni mimi. Mistari yako mirefu sikuigusa. Nilichora tu mitano ya kukata, upande wa miguu, asiteleze.

Baba yako mdogo,
Visvaldis