Gunzi la Pipa

Njombe, Julai, Jumatano usiku

Gunzi lingali mfukoni mwa koti langu.

Jana, moto chini ya pipa linalopeleka maji bafuni ulipozimika, nililiziba mdomo kwa gunzi, kama tunavyoziba kibuyu, maji ya kuoga yasipoe. Leo asubuhi bomba la bafuni halikutoa hata tone. Nikamwambia Bwana, mwajiri wetu, kwamba Yohana hakujaza pipa.

Yohana, mume wa dada yangu, akashuka mtoni na ndoo, pekupeku, majani yote meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Aliporudi akachomoa gunzi ili amimine. Pipa lililokosa hewa likavuta pumzi, na bafuni maji yakaanza kutiririka.

“Shemeji, mbona limejaa,” akasema taratibu, akanitia gunzi mkononi.

Bwana akatoka, akanisifu kwa kulitengeneza.

Nikamjibu asante. Yohana alikuwa bado ameishika ile ndoo, imejaa.