Mpaka Niliouhamisha

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwili haujambo, kifua kimepoa. Magoti ya mama yanaendeleaje? Na mgongo wako, bado unabeba ndoo mbili mbili? Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua.

Umenieleza mlivyokaa kwenye benchi la ofisi ya ustawi tangu asubuhi, hadi karani akamwambia mama kwamba jina lake limetolewa kwenye orodha ya msaada wa wazee, kwa kuwa mtaa wetu sasa ni wa watu wenye uwezo. Mama akamuuliza, kwa upole wake ule, huyo mwenye uwezo anakaa nyumba ipi, aende akamsalimie. Watu wakacheka, mama mwenyewe hakucheka. Na jirani yetu fundi saa naye katolewa, mtu ambaye siku hizi hata mshale wa saa hauoni. Ukaniomba, maadamu nafanya kazi huko huko zinakochorwa ramani, nimtafute aliyefanya hivyo.

Kazi yenyewe iko hivi. Tunaletewa takwimu za kila mtaa: kipato cha watu, umri wao, na wangapi wako kwenye orodha ya msaada. Mimi napaka rangi. Penye wazee wengi na kipato duni panakuwa pekundu, na msaada unafuata wekundu huo.

Mtaa wetu ulitoka mwekundu kuliko yote. Ulikaa katikati ya karatasi kama kidonda. Wenzangu wakaizunguka meza yangu, mmoja akauliza kwa utani kama hapo bado wanaishi watu. Dada, miaka sita nimewaambia kwetu ni ng'ambo ya barabara, kwenye maghorofa. Nikacheka nao.

Walipokwenda kula, niliufuta mpaka uliopita barabarani, nikauchora upya nyuma ya nyumba yetu, kule mtaa unakoishia. Mtaa na maghorofa vikawa kitu kimoja. Vijana wenye mishahara wakachanganywa na wazee wetu, wastani wa umri ukashuka, kipato kikapanda, pakawa kijani. Nikapumua.

Yule uliyeniomba nimtafute ni mimi.

Juzi nilikwenda kwa mkuu wangu kukiri, nikijua nitafukuzwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ramani imeshatiwa saini, nyingine ni baada ya miaka mitatu, na tena wakubwa wameipenda kwa sababu orodha imepungua. Akaniambia nirudi mezani kwangu, nisijitafutie makubwa. Nimewaandikia wakaguzi kwa jina langu, nikaambatisha nakala ya ramani ya kwanza. Hawajajibu. Nyinyi nitawatumia nusu ya mshahara wangu kila mwezi, lakini fundi saa hana wa kumtumia.

Msomee mama barua yote, usiruke mahali. Akinitukana, niandikie kama alivyosema. Akinyamaza, niandikie kwamba amenyamaza.

Wasalimie majirani wa mtaa mzima. Atakayezikataa salamu zangu, usimbembeleze.

Ni mimi mdogo wako,
mchora ramani.