Alama Ulizozifuta Ubavuni mwa Boti

Mama Shifa,

Ukirudi, mbaazi ziko jikoni, zifunike. Naenda kazini Kilindini, sitarudi kabla ya magharibi.

Nicanor, fundi wa rangi, atakuja baada ya adhuhuri kupaka boti. ~~Mwambie aende zake.~~ Mpe chai, angoje.

Asubuhi nilipouliza nani kaosha boti, ulinijibu, "Ni mimi. Wageni wa dua waje Ijumaa walikute limechorwachorwa kama ukuta wa chuo?" Nikanyamaza. Ukasema kunyamaza kwangu ni dharau, ukabamiza mlango ukaenda kwa mamako. Sikukudharau. Nilikuwa natafuta neno lisilouma, nikalikosa.

Michoro ile haikuwa uchafu. Kila duara la penseli lilionyesha bonde lililobaki baada ya kupiga msasa, mahali pa kujaza puti. Jicho haliyaoni mabonde hayo mpaka rangi ing'ae juani, na hapo tumeshachelewa. Wageni watayaona siku moja. Mimi nitayaona kila siku.

Kwa hivyo nakuomba. Fumba macho, pitisha kiganja ubavuni polepole, kutoka omo hadi tezi. Kikizama hata kidogo, zungushia alama. Changu kina sugu, kazi hiyo ilinichukua wiki nzima. Chako ni chepesi kusikia. Nicanor atajaza puti, rangi iwe kesho.

Penseli siioni. Nadhani ilikwenda na maji yako ya sabuni. Tumia wanja wako, nitakuletea mwingine jioni.

Baba Shifa