Mtu Aliyekwenda Ujerumani

Abti,

Mjomba wangu, najua barua haikufikii huko uliko. Dua ndizo zinazofika, na hizo nimekutumia leo baada ya swala ya alfajiri. Barua hii naiandika kwa ajili yangu mwenyewe. Wakili ninayemfanyia kazi amekwenda kula, nimefunga mlango wa ofisi, nina kama saa moja. Naandika haraka. Utanisamehe mwandiko, wewe uliyekuwa ukiusifia mbele ya watu ingawa hukuweza kuusoma.

Nyumbani, mtaani Waberi, tuko. Mama Saadia mkeo alimaliza eda wiki mbili zilizopita, akaziosha nguo nyeupe na kuzikunja vizuri, kisha akakaa nazo mapajani mchana kutwa. Ukumbi wako wa video sasa ni duka la kutengeneza simu. Mwenye duka ameacha nje benchi moja, lile lililofungwa mguu kwa waya. Wazee wako bado hulikalia, nyuso zikiwa zimeelekea ukutani. Nikipita pale naharakisha.

Abti, nilikuwa nikikudanganya. Nataka nianze na hilo kabla sijaogopa.

Unakumbuka jinsi tulivyofanya kazi? Nikitoka shule, tunafunga pazia la sebuleni, unaweka ile kanda utakayoonyesha, na mimi nakusomea maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha. Watu walizipenda zaidi zile za Sisilia, za mafia, wanaume wa kofia na makoti wakibusu mkono wa mkubwa wao. Mimi nasema kwa Kiswahili changu cha darasa la saba, wewe unafumba macho, unayashika. Kisha unakwenda ukumbini kuwatafsiria watazamaji kwa maikrofoni iliyofungwa leso, na yale maneno yangu makavu yanageuka watu.

Mama Saadia bado hucheka akikumbuka yule mzee wa benchi la mbele aliyekasirika kwa sababu koo mbili za Sisilia ziliuana filamu nzima. Alisimama akauliza, "Wazee wao wako wapi? Mbona hawakai chini wakalipana diya ya damu, ngamia mia, mambo yaishe?" Na wewe, bila kupumua: "Tulia, mzee. Ngamia wako njiani. Kile ni kisiwa, lazima waogelee."

Lakini ile filamu ya fundi cherehani. Fundi aliyeshona makoti ya mkubwa na, wakati wa kupima mabega, akasikia mambo ambayo hakupaswa kuyasikia. Alikaribishwa chakula cha mchana. Mlango ukafungwa. Baadaye vijana wawili wanazungumza, na mmoja anasema fundi yumo ndani ya nguzo ya daraja jipya, amemwagiwa saruji.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliyasoma yale maneno yakapita. Ukaniuliza, "Kasema nini?" Nikasema, "Amekwenda Ujerumani. Kujenga madaraja."

"Ujerumani? Mashallah," ukasema. "Mshahara wa huko ni mzuri."

Ukumbini ukamwongezea baraka. Ukampa nyumba ya ghorofa, ukampa theluji, ukamfanya amtumie mkewe cherehani mpya. Watu walipiga makofi. Na mwishoni, mkewe alipoonekana amevaa nyeusi, ameegemeza paji la uso kwenye ile nguzo akilia, ukasema analia kwa sababu ya umbali. Mtu akapiga kelele, "Apande ndege basi, amfuate!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mama yangu. Sikucheka. Niliendelea kuona uso wake ukiwa kwenye saruji, na watu wakimwambia apande ndege.

Sikukuambia. Baada ya hapo niliwapeleka wengi Ujerumani.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mwezi huu alikuja ofisini mama mmoja kutoka Takaba, Hawo. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, akileta mizigo kutoka Mandera. Alikataa kubeba kitu fulani kilichofichwa chini ya magunia. Siku nne baadaye alikutwa kando ya barabara, amekufa. Wakili alichukua kesi, na mimi, kwa kuwa najua Kisomali na Kiingereza, niliandika maelezo ya mama huyo kwa Kiingereza. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayehesabu mbuzi. Alisema mfanyabiashara fulani alifika kwake jioni, akamwita hooyo, mama, akanywa chai. "Nilimpa mto wangu aegemee," alisema. "Kikombe cha pili aliomba sukari. Kisha akaondoka na mwanangu."

Jina alilitaja. Silitaji hapa. Liko mahali pengine, nitakuambia.

Jumanne mfanyabiashara huyo alikuja ofisini. Sijui nani alimpasha yale aliyoyasema Hawo. Wakili hakuwepo. Abti, tulikaa miaka mingi tukimwangalia mtu wa namna hii kwenye ukuta wako na sikumtambua, kwa sababu hakuwa na kofia wala walinzi. Ana ndevu za hina na kicheko kizuri. Aliniulizia hali ya mama yangu, akatoa pole kwa ajili yako, akasema wewe ulikuwa furaha ya mji huu. Akaweka boksi la tende mezani. Kwenye filamu muziki hubadilika kabla mambo hayajaharibika. Ofisini kwetu kulikuwa na feni tu.

"Dada, wewe umesoma," akasema. "Yule mama amechanganywa na huzuni. Kuna habari ya chai pale. Ya nini? Andika watu wasiojulikana, aupumzishe moyo."

Mlangoni akageuka. "Ifrah wenu hutoka shule saa kumi, sivyo? Mwambieni atembee pembeni. Pikipiki za siku hizi hazina breki."

Mdogo wangu, Abti. Anamjua kwa jina.

Niliandika watu wasiojulikana. Nilipiga chapa, nikaweka karatasi kwenye faili. Wakili hajui Kisomali wala hakuwepo mama alipozungumza. Yeye huniamini mimi. Chini ya hati kuna nafasi yangu ya kutia sahihi, kwamba nimemsomea mama yote, kwa lugha yake, akaelewa.

Leo asubuhi alikuja kuweka kidole gumba. Nikamsomea. Nilipofika pale, Abti, nilifanya lile nililokufanyia wewe. Jicho langu lilikuwa juu ya "watu wasiojulikana" na mdomo wangu ukasema chai, mto, sukari, jina. Nilimsomea kisichokuwepo. Aliitikia kwa kichwa kila neno. Aliposikia habari ya mto alifumba macho, kama wewe. Kisha akabonyeza kidole kwenye wino na kukileta juu ya karatasi.

Nilimshika kifundo cha mkono. Nilikishika kwa nguvu hata akashtuka. "Subiri, hooyo. Mashine imekosea."

Hata hapo nilidanganya. Lakini nilikaa chini, nikaandika upya, sentensi yote. Nilikosea herufi mara nyingi. Yeye alisubiri na kidole chake cheusi kikiwa juu hewani, akiogopa kuchafua meza ya watu. Nikapiga chapa. Nikamsomea tena, safari hii jicho na mdomo vikienda pamoja. Akaweka kidole. Nikatia sahihi. Jina liko kwenye aya ya saba.

Wakili aliporudi nilimweleza yote, pamoja na boksi la tende. Aliondoka mwenyewe na hati mpaka mahakamani kuiwasilisha, ndipo akaenda kula. Ifrah anaondoka alasiri hii na Mama Saadia kwenda kwa jamaa zetu Wajir. Mimi nabaki. Siku ya kesi nitahitajika kutafsiri, mama akisimama.

Naogopa. Nimesikia pikipiki tatu tangu nianze barua hii, na kila moja nimeihesabu mpaka imepita.

Jana, kabla sijaamua lolote, nilimkiria Mama Saadia habari za Ujerumani. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Alijua," akasema. "Unadhani mwanamume mzima haoni mjane akilia? Alirudi usiku ule akaniambia, yule mtoto anaogopa, mwache. Siku akiweza atanisomea."

Ulingoja, Abti. Miaka yote ile, na ile ya ugonjwa, nikikaa kando ya kitanda chako nikikusomea magazeti. Hukuniuliza hata mara moja.

Mungu akupanulie kaburi lako, alijaze nuru. Siku ya kesi, nikisimama kando ya yule mama, sitaruka neno lake hata moja, hata sauti ikikatika. Nakuahidi. Na nikirudi salama nitakuja kukaa nawe makaburini, bila karatasi.

Fundi hakwenda Ujerumani, Abti. Walimuua. Yumo ndani ya nguzo, na mkewe alijua ni nguzo ipi. Ndivyo ilivyoandikwa. Nisamehe nimechelewa kukusomea.

Mpwa wako,
Deka