Gunia la Korosho na Mama Zuhura

Nkowe, Jumatano

Na mgongo huu nao umeamua kuzeeka kunizidi mimi. Tangu kiharusi kimlaze mke wangu, Mama Zuhura, namnyanyua kitandani kama tunavyonyanyua gunia la korosho: nainama, nabana pumzi, navuta. Leo nesi wa zahanati kanikaripia.

"Babu, pingili zako za mgongo zimelika. Ukiendelea hivi mtalala wote wawili. Nani atamnyanyua mwenzake?"

Nikamjibu gunia la korosho lina adabu, halinisimangi kama manesi. Lakini swali lake limenikaa kifuani.

Kanifundisha nikunje magoti, mgonjwa anishike kiunoni kwa mkono wake ulio mzima, tuinuke pamoja. Jioni nikamwambia Mama Zuhura, "Haya, shika kama siku ile ya baiskeli."

Siku ile tulikuwa wachumba. Nilimpakia mpaka Nachingwea kwenye ngoma, vilima vyote vile, wala sikuhema. Alinibana mbavu zikauma.

"Siku ile ulinukia marashi," akasema kwa ulimi wake mzito. "Leo unanuka dawa ya kuchua."

Tukainuka. Mgongo uliuma kidogo tu. Nilichelewa kumkalisha kitini, naye hakunikumbusha.