Postikadi ya Bibi Mwanaidi, Darini kwa Mama Mkwe

Jumamosi, mwezi wa saba, Lushoto. Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi. Siku nyingine ningeulalamikia, lakini leo nilikuwa na kubwa zaidi.

Naandika vidole vikiwa bado vinanuka moshi.

Mnaopita kwenye ukurasa huu mara kwa mara mnanijua: yule Msambaa mwenye duka la steshenari, asiyejua kuogelea, anayekusanya postikadi za zamani za Pangani. Mawifi wamenicheka mpaka wamechoka. Wenzangu wananunua mashamba, mimi nanunua picha za mji wa watu: mto unapoingia baharini, minazi, forodha, Wazungu na kofia zao. Sina cha kujitetea. Nikishika kadi iliyochapwa kabla mama yangu hajazaliwa, moyo unatulia.

Leo haukutulia.

Kwenye sanduku langu kulikuwa na kadi moja isiyo yangu. Ni ya Bibi Mwanaidi, mzaliwa wa Pangani aliyeolewa Magoma, huku chini ya milima yetu. Aliniazima niitoe nakala kwenye mashine ya dukani. Mpiga picha alilenga jumba la ghorofa la tajiri mmoja, lakini barazani, pembeni, kuna binti amekaa anasuka ukili wa mkeka na ameinua uso. Binti huyo ndiye mama yake Bibi Mwanaidi, na picha nyingine yake haipo. Kila mwaka ndugu hukusanyika kumsomea dua, na wakishakula kadi hupita mkono kwa mkono, wajukuu wakionyeshwa: huyu ndiye. Dua ni kesho. Leo bibi alikuwa anapanda kuifuata.

Asubuhi alinipigia kwamba ameshafika Mombo. Nikainama kuvuta sanduku chini ya kitanda.

Halipo.

Nilipekua kabati, nikapekua nyuma ya magunia, nikarudia tena chini ya kitanda kana kwamba sanduku lingeona haya na kurudi. Mume wangu yuko Korogwe. Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na simu yake ilikuwa inaita mezani mbele ya macho yangu. Nikamfuata mbio. Nilimkuta nje na wenzake, na hata katika hali ile ilibidi nianze na shikamoo, moja kwa kila mama, maana ukimruka mmoja utasemwa mpaka Krismasi.

"Lile sanduku? Mbona nimelihifadhi, mwanangu," akasema. "Kule chini ya kitanda kuvu imeanza kuota. Nimelipandisha darini, kwenye mbegu."

Kwenye mbegu! Kwetu mahindi ya mbegu hukaa juu ya jiko la kuni, moto ukiwa chini yake, ili moshi uyakaushe na wadudu wasiyaguse. Hakuna mahali salama kuliko hapo katika nyumba nzima. Kwa hiyo mama hakunidharau. Alizipa picha zangu heshima anayoipa mbegu. Nilitaka kupiga yowe, nikasema asante mama.

Jikoni maharage yalikuwa yanachemka. Nilipanda, nikakohoa, nikalishusha sanduku likiwa la moto. Kadi zangu zimejikunja na kuwa na rangi ya chai. Sikuzijali. Kadi ya bibi nilikuwa nimeivisha kimfuko cha plastiki, vile vya kuwekea vitambulisho, nikijiona mtaalamu kabisa. Joto lilikuwa limekilainisha, kikagandamana na picha. Nikavuta kona moja, kidogo tu. Kipande cha mawingu kikaja na plastiki.

Nikaacha.

Sasa nikiri. Nakala nilikuwa nayo dukani, safi, kwenye karatasi nene. Macho ya bibi si mazuri. Nikaikata kingo ilingane na kadi yenyewe, nikaipitishia masizi kwa kidole ili ionekane ya zamani. Kazi niliifanya kwa ustadi, na kwa dakika chache niliifurahia. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote ya leo.

Bibi Mwanaidi akaingia dukani akijikunyata kwa baridi. Shikamoo, marahaba, za nyumbani. Akakaa kwenye benchi, akafungua pindo la khanga na kutoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Nimekuja na kitambaa chake," akasema.

Nilishindwa. Niliziweka zote mbili kaunta, ya kweli na ya uongo, nikamweleza yote bila kumtazama. Nilisema moto, nikasema plastiki, nikasema masizi ya kidole changu.

Nakala hakuigusa. Aliibeba kadi yake mpaka mlangoni kwenye mwanga, akaitazama akiwa amenipa mgongo.

"Hii plastiki haitoki?"

"Inatoka, bibi. Ila sijui itatoka na nini."

"Jaribu."

"Naogopa."

"Na mimi naogopa. Jaribu."

Nikaanzia juu. Yalitoka mawingu. Likatoka paa, nusu kwenye kadi, nusu kwenye plastiki. Madirisha ya ghorofani yakachanika. Bibi alikuwa ameshika ukingo wa kaunta. Nilipofika juu kidogo ya baraza, mkono wake ukaukandamiza wangu.

"Basi. Hapo hapo."

"Bibi, imebaki kidogo, huenda ikaja vizuri..."

"Nimesema basi. Anaonekana."

Ni kweli alikuwa anaonekana, kwa shida, kama mtu aliye upande wa pili wa kioo chenye mvuke. Mimi nilikuwa bado naililia ghorofa. Bibi akachukua mkasi wangu, akaikata ile plastiki iliyokuwa inaning'inia na paa lake, akanisogezea.

"Nyumba haikuwa yetu," akasema.

Akaifunga kadi kwenye kitambaa na kitambaa kwenye pindo la khanga. Hakunitukana, na chai hakunywa.

Mama mkwe ameniuliza kama picha zimekauka vizuri. Nimemjibu ndiyo. Sanduku nitalitafutia mahali pengine taratibu, asijue kwa nini.

Nakala bado iko mbele yangu, masizi nimeyafuta. Sura ya yule binti ni safi, hata ukili kidoleni unauona. Siwezi kuiweka kwenye mkusanyiko, maana si postikadi. Siwezi kuichana, maana ni mama wa mtu. Kesho huko Magoma wajukuu watakuwa wanamtafuta ndani ya plastiki, na mimi huku ninaye, ananitazama. Nimpelekee bibi, baada ya alivyokataa hata kuigusa?